Lev Artsimovich: mwanasayansi aliyewaita wapinzani wake waje na mizani yao

Kila msimu wa mavuno hapa Iringa kuna ugomvi mmoja usiozeeka, nao ni ugomvi wa mizani. Mnunuzi anakuja na mizani yake, mkulima anaiangalia kwa jicho la shaka. Mkulima akileta ya kwake, mnunuzi naye anasema imechezewa. Nilipokuwa mdogo, mama yangu alikuwa akiuza mahindi na viazi, na kuna siku nilimwona akifanya jambo lililowashangaza majirani. Mnunuzi alitilia shaka uzito wa magunia yake. Mama hakubishana wala hakukasirika. Alimwambia aende akalete mizani yoyote anayoiamini, magunia atayakuta palepale.

Nimemkumbuka mama kwa sababu ya mtu ninayetaka kuwasimulia leo. Aliitwa Lev Andreyevich Artsimovich, mwanafizikia wa Urusi ya enzi za Usovieti. Alizaliwa mwaka 1909, akafariki mwaka 1973. Duniani anajulikana kama baba wa tokamaki, mtambo ambao wanasayansi wanautumia kujaribu kutengeneza hapa ardhini moto unaofanana na ule wa jua.

Kwa nini tumzungumzie leo? Tulipozungumza hewani kuhusu gesi ya heliamu iliyogunduliwa kwa jirani zetu wa Rukwa, wasikilizaji kadhaa waliuliza kazi ya gesi hiyo ni nini zaidi ya kujaza maputo. Nilitaja mashine kubwa za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kisha nikataja tokamaki. Hapo maswali yakaongezeka. Jibu la dakika mbili halikutosha, kwa hiyo nimeandika makala haya ili kila mmoja ayasome kwenye simu yake kwa nafasi.

JUA HUFANYAJE KAZI?

Tuanze na jua lenyewe. Jua haliwaki kama kuni. Ndani yake kuna haidrojeni nyingi sana, na katika kiini chake joto linafikia nyuzi kama milioni 15. Kwa joto hilo, na kwa mgandamizo mkubwa, viini vya haidrojeni vinagongana na kuungana hadi kuwa heliamu. Katika kuungana huko nishati nyingi hutoka, na hiyo ndiyo inayotufikia kama mwanga na joto linalokausha mahindi yetu uani. Ndiyo maana heliamu ilionekana kwanza kwenye mwanga wa jua, mwaka 1868, kabla haijapatikana duniani mwaka 1895. Hata jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jua.

Wanasayansi walijiuliza: je, tunaweza kufanya hivyo hapa duniani tukapata umeme? Kuni zake zingekuwa aina mbili nzito za haidrojeni, yaani dutiriamu, inayopatikana ndani ya maji, na tritiamu, inayoweza kutengenezwa kutokana na madini ya lithiamu. Lakini kwa kuwa hatuna uzito wa jua wa kugandamiza, inabidi tupashe gesi hiyo moto zaidi ya jua lenyewe, kupita nyuzi milioni 100.

Gesi ikipashwa moto kiasi hicho, atomi zake zinavunjika na kuwa mchanganyiko wa viini na elektroni zinazokimbia ovyo. Hali hiyo inaitwa plazma. Radi inayopiga juu ya milima yetu wakati wa masika ni mfano wa plazma.

Sasa fikiria chai asubuhi ya mwezi wa saba kule Mafinga, baridi ikiwa imekaza. Chai ukiiacha kwenye kikombe, baada ya dakika chache imepoa. Ukiiweka kwenye chupa ya chai, saa sita mchana bado inatoa mvuke. Chai ni ileile, tofauti ni chombo kinavyotunza joto. Plazma nayo ina tabia hiyo. Haitoshi kuipasha moto. Lazima iwe na joto la kutosha, wingi wa kutosha, na itunze joto lake kwa muda wa kutosha. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, moto haujiendeshi. Katika maisha yake, Artsimovich alihangaika zaidi na hilo la tatu: namna ya kupata chupa ya chai ya plazma.

KIJANA WA MINSK

Lev alizaliwa Moscow tarehe 25 Februari 1909. Utoto wake uliangukia kwenye vita kuu ya kwanza, mapinduzi ya mwaka 1917, vita vya wenyewe kwa wenyewe na njaa iliyofuata. Familia ilihamia Minsk, ambayo leo ni mji mkuu wa Belarus, na huko Lev akasoma chuo kikuu. Alihitimu mwaka 1928 akiwa na miaka 19 tu.

Mwaka 1930 aliingia kwenye taasisi ya fizikia ya Leningrad iliyoongozwa na Abram Ioffe. Taasisi hiyo ilikuwa kama kitalu cha miche: wanafizikia wengi wakubwa wa Usovieti walitoka hapo, akiwemo Igor Kurchatov, aliyekuja kuongoza mradi wa bomu la atomi la nchi hiyo.

Kazi moja ya ujana wake inatuonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Katikati ya miaka ya 1930 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanyika Marekani, yakidai kwamba katika matukio madogo ya ndani ya atomi nishati inaweza isihifadhiwe kama tulivyozoea. Lilikuwa dai kubwa, na wapo wakubwa waliolichukulia kwa uzito. Mwaka 1936 Artsimovich, pamoja na ndugu wawili, Abram Alikhanov na Artem Alikhanian, walifanya kipimo chao wenyewe kwa uangalifu. Wakaonyesha kwamba hesabu ya nishati inakaa sawa hata huko chini kabisa. Tangu mapema alijifunza kwamba dai kubwa hujibiwa kwa kipimo kizuri.

KWENYE KAZI YA BOMU

Tusifiche jambo. Artsimovich alishiriki pia katika kazi ya silaha. Mwaka 1944 alihamia Moscow kwenye maabara ya siri ya Kurchatov, na jukumu lake lilikuwa kutafuta namna ya kutenganisha aina za uraniamu kwa kutumia sumaku kubwa. Bomu la kwanza la Usovieti lililipuliwa kwa majaribio tarehe 29 Agosti 1949.

Mwaka 1950 likatokea jambo la ajabu kidogo. Askari kijana aliyeitwa Oleg Lavrentyev, akiwa kwenye kisiwa cha mbali cha Sakhalin, aliandika barua kwa wakubwa wa Moscow akieleza kwamba viini vya haidrojeni vinaweza kuunganishwa kwa amani ili kupata umeme, na akapendekeza namna ya kuizuia gesi ya moto isiguse kuta. Njia yake yenyewe haikufaa, lakini barua ilifika mikononi mwa Andrei Sakharov, mmoja wa waliokuwa wakiunda bomu la haidrojeni. Sakharov na mwalimu wake Igor Tamm wakapata wazo bora zaidi: kuizungushia plazma sumaku ndani ya chombo cha mviringo.

Mwezi Mei 1951 serikali ya Stalin iliidhinisha utafiti huo. Mikhail Leontovich akapewa upande wa nadharia, Artsimovich akapewa upande wa majaribio. Alikuwa na miaka 42. Aliishika kazi hiyo hadi siku ya kufa kwake, miaka karibu 22 baadaye.

SHANGWE ILIYOZIMWA NA MWENYE NYUMBA

Mwanzoni walijaribu njia rahisi: kupitisha mkondo mkubwa wa umeme ndani ya bomba lililojaa gesi. Mkondo wenyewe huzaa nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huibana gesi katikati, kama mkono unavyokamua nguo.

Mwaka 1952 vyombo vyao vikaonyesha nyutroni zikitoka. Nyutroni ndizo ishara kwamba viini vya dutiriamu vinaungana. Fikiria furaha iliyokuwepo maabara: mwaka mmoja tu wa kazi, na moto wa jua unaonekana kuwaka mezani.

Artsimovich na wenzake wakakaa chini wakachunguza. Wakagundua kwamba nyutroni ni za kweli, ila hazitokani na joto. Plazma ilipobanwa ilijikunja na kukatika, na katika kukatika huko ikarusha viini vichache kwa kasi kubwa. Hivyo vichache ndivyo vilivyogongana, na gesi yote iliyobaki haikuwa na joto lililotakiwa. Ni kama kuona cheche moja juu ya kuni mbichi ukadhani moto umeshika.

Angeweza kunyamaza. Kazi ilikuwa ya siri, wakubwa walitaka habari njema, na nani angejua? Badala yake ukweli ulisemwa, na mwaka 1956 Kurchatov alipokwenda Uingereza kwenye kituo cha Harwell aliwaeleza wanasayansi wa huko waziwazi kuhusu nyutroni hizo za kudanganya. Tahadhari hiyo haikuwaokoa wote. Mwezi Januari 1958 Waingereza walitangaza kwa kishindo kwamba mtambo wao wa ZETA huenda umefanikiwa, magazeti yakaandika kwa herufi kubwa. Miezi michache baadaye ikabidi warudi nyuma, kwa sababu nyutroni zao nazo hazikuwa za joto. Kabla ya hapo, mwaka 1951, rais Perón wa Argentina aliwahi kutangaza ushindi wa namna hiyo, nao ukageuka kuwa si kitu.

Kwa hiyo fani hii ilianza na sifa mbaya ya madai yasiyothibitika. Kumbuka hilo, maana ndilo lililomkuta Artsimovich mwenyewe baadaye.

TOKAMAKI NI KITU GANI?

Mwaka 1958 mkutano mkubwa wa matumizi ya amani ya nguvu za atomi ulifanyika Geneva, Uswisi. Hapo Marekani, Uingereza na Usovieti waliondoa siri za utafiti huu. Kila mmoja aliona kwamba wengine wamekwama palepale alipokwama yeye: plazma haikubali kushikwa.

Mwaka huohuo mtambo ulioitwa T-1 ulianza kazi Moscow. Hii ndiyo familia ya tokamaki. Jina limeunganishwa kutoka maneno ya Kirusi yanayoeleza chombo cha mviringo chenye koili za sumaku.

Chukua tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo. Hivyo ndivyo chombo kilivyo kwa umbo, ila ni cha chuma na ndani hakuna hewa, kuna gesi kidogo sana. Nje kimezungushiwa koili nyingi za waya zinazotoa sumaku yenye nguvu inayokimbia kufuata mzunguko wa tyubu. Kisha mkondo wa umeme unapitishwa ndani ya plazma yenyewe, nao unazaa sumaku ya pili inayoizunguka plazma. Sumaku hizo mbili zikichanganyika, njia zake zinajisokota kama nyuzi za kamba ya katani. Chembe za plazma zinafuata nyuzi hizo, zinazunguka na kuzunguka bila kugusa ukuta.

Ukuta ni adui kwa sababu mbili. Plazma ikiugusa inapoa mara moja. Pia uchafu kidogo tu ukibanduka ukutani na kuingia ndani, unaanza kung'aa na kuondoka na joto. Kwa miaka kadhaa timu ya Artsimovich ilifanya kazi isiyo na sifa: kubadili vyombo, kuvisafisha, kunyoosha sumaku zilizopinda kidogo, na kurudia. Mtambo mmoja baada ya mwingine, mpaka wakafika T-3.

Wakati huo huko Marekani watu walikuwa wamekata tamaa. Kulikuwa na kanuni iliyopewa jina la David Bohm, mwanafizikia wa Marekani, iliyotokana na kazi ya miaka ya 1940 ya kutenganisha uraniamu kwa sumaku. Kanuni hiyo ilisema plazma itavuja kwa kasi fulani hata ufanyeje, na kwa kasi hiyo umeme usingepatikana kamwe. Mitambo ya Marekani ilionekana kuitii. Mwaka 1965, kwenye mkutano uliofanyika Culham, Uingereza, Artsimovich alieleza kwamba tokamaki zake zinatunza joto kupita kiwango cha Bohm. Lyman Spitzer wa Princeton, mkubwa wa fani hiyo upande wa Marekani, alitilia shaka vipimo hivyo. Artsimovich akarudi nyumbani kuendelea na kazi.

NOVOSIBIRSK, AGOSTI 1968

Mwanzoni mwa Agosti 1968 wanasayansi wa dunia walikutana Novosibirsk, katikati ya Siberia. Safari hii Artsimovich alikuja na matokeo ya T-3. Elektroni ndani ya plazma zilikuwa zimefika nyuzi kama milioni 10, na joto lilitunzwa muda mrefu mara nyingi kuliko kanuni ya Bohm ilivyoruhusu. Muda wenyewe ulikuwa bado sehemu ndogo ya sekunde, lakini maana yake ilikuwa kubwa: ukuta wa Bohm haukuwa ukuta.

Wengi hawakuamini, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Warusi walikuwa wamepima nishati ya plazma nzima kwa kuangalia inavyoisukuma sumaku, kisha wakakadiria joto kwa wastani. Wenye shaka wakasema: je, kama ni elektroni chache zinazokimbia kwa kasi ya ajabu ndizo zinazobeba nishati hiyo, na nyingine zote ni baridi? Mkulima ataelewa haraka. Ukipima gunia zima la viazi ukapata kilo 100, bado hujajua kama ndani hakuna jiwe.

Artsimovich aliyajua mawe ya namna hiyo kuliko mtu yeyote. Mwaka 1952 yeye mwenyewe alikuwa amelitoa moja kwenye gunia lake. Sasa wengine walikuwa wakimuuliza swali lilelile alilowahi kujiuliza.

Alichofanya ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Hakusema kwamba mabeberu wanaionea wivu nchi yake, ingawa kwa siasa za wakati ule maneno hayo yangempatia makofi. Alimgeukia Bas Pease, mkuu wa maabara ya Culham, akamwomba alete watu wake Moscow na kipimo chao wenyewe, waipime T-3 kwa mikono yao.

Kumbuka ulikuwa wakati gani. Uingereza na Usovieti walikuwa pande mbili za vita baridi. Tena katika mwezi uleule wa Agosti 1968, majeshi ya Usovieti na washirika wake yaliingia Czechoslovakia, na uhusiano wa nchi za Magharibi na Moscow ukachacha. Na taasisi ya Kurchatov, ilipokuwa T-3, ilikuwa miongoni mwa mahali palipolindwa sana nchini humo. Kuwaingiza Waingereza mle ndani na masanduku yao halikuwa jambo la kawaida.

TANI TANO ZA VYOMBO

Hata hivyo walikwenda. Mwaka 1969 timu ndogo ya Culham, wakiwemo Nicol Peacock, Derek Robinson, Mike Forrest na Peter Wilcock, ilikuwa Moscow ikiwa na vyombo vya uzito wa karibu tani tano. Kifaa chao kikuu kilikuwa leza, yaani taa inayotoa mwanga mmoja mkali na ulionyooka.

Kazi yake ni hivi. Ukimulika tochi usiku kwenye nyumba yenye vumbi, unauona mwali kwa sababu vumbi linatawanya mwanga. Ndani ya plazma, elektroni ndizo zinazotawanya. Na kwa kuwa zinakimbia, mwanga unaorudi unabadilika rangi kidogo. Elektroni zikiwa na kasi, yaani zikiwa na joto, rangi inatanuka zaidi. Ukipima kutanuka huko, umepima joto la elektroni zenyewe, mahali hasa ulipomulika. Kwa njia hiyo jiwe kwenye gunia halina pa kujificha.

Haikuwa kazi nyepesi. Mwanga unaotawanywa ni mdogo mno, na plazma yenyewe inang'aa, ni kama kutafuta kimulimuli karibu na moto. Lakini Waingereza na Warusi walifanya kazi pamoja, chumba kimoja, mtambo mmoja, hadi majibu yakaja. Warusi walikuwa wamesema kweli. Joto lilikuwapo, karibu na walivyokadiria. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Novemba 1969.

Mlango ukafunguka. Maabara ya Princeton ilibadili mtambo wake mkubwa, na mwaka 1970 ulikuwa tayari unafanya kazi kama tokamaki. Nchi nyingine zikafuata. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1969 Artsimovich mwenyewe alikwenda Marekani kufundisha kwenye chuo cha MIT, na huko pia tokamaki ikajengwa. Ndani ya miaka michache, njia iliyodharauliwa ikawa njia kuu ya dunia.

Artsimovich hakuishi kuona mengi ya hayo. Alifariki Moscow tarehe 1 Machi 1973 akiwa na miaka 64. Leo kuna kreta kwenye mwezi iliyopewa jina lake.

HELIAMU INAINGIAJE?

Sasa turudi kwenye swali lenu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heliamu nyingi. Gesi hiyo inatokana na uraniamu na thoriamu zinazooza taratibu ndani ya miamba mikongwe kwa mamilioni ya miaka. Joto la volkano kwenye Bonde la Ufa linaifukuza kutoka kwenye miamba, kisha nyingine inanaswa chini ya tabaka lisilovuja. Visima vya utafiti vimechimbwa huko tangu mwaka 2021.

Katika tokamaki heliamu ina kazi tatu. Ya kwanza ni kupoza. Sumaku za mitambo ya kisasa zinafanya kazi vizuri zikiwa na baridi ya karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na heliamu ya majimaji ndiyo inayoleta baridi hiyo. Fikiria: nyuzi milioni 100 upande mmoja, na mita chache tu kutoka hapo, baridi kuliko barafu yoyote uliyowahi kuona.

Ya pili ni majivu. Dutiriamu na tritiamu zikiungana zinatoa heliamu. Ikizaliwa inakuwa na joto kali na inasaidia kuipasha plazma. Lakini ikibaki humo muda mrefu inajaza nafasi ya kuni, kama majivu yanavyolijaza jiko la mkaa. Kwa hiyo mtambo mzuri lazima utunze joto, na wakati huohuo uachie majivu yatoke.

Ya tatu ni majaribio. Dutiriamu ikiungana hurusha nyutroni, na nyutroni zinazifanya kuta za mtambo kuwa na mionzi, mafundi wasiweze kuingia. Heliamu haina tatizo hilo. Ndiyo maana mtambo wa JET, uliokuwa Culham kulekule, uliwahi kuendeshwa kwa heliamu. Wanasayansi waliona kwamba kwa kawaida plazma ya heliamu haitunzi joto vizuri kama ya dutiriamu. Kwa hiyo huwezi kujaribu kwa heliamu ukadhani umeshajua kila kitu kuhusu dutiriamu. Ni funzo la Artsimovich tena: pima kile unachodai, usipime jirani yake.

JE, UMEME UMEPATIKANA?

Hapa niseme kweli, maana mtu huyu hapendezi kusimuliwa kwa chumvi. Bado. JET ilifanya kazi kuanzia mwaka 1983 hadi mwisho wa mwaka 2023, na katika miezi yake ya mwisho iliweka rekodi ya kutoa nishati ya megajuli 69 kwa mkupuo mmoja wa sekunde chache. Kwa lugha ya LUKU, hiyo ni kama yuniti 19. Tena ni joto, si umeme, na mtambo ulitumia zaidi ya ulichotoa. Mtambo mkubwa kuliko wote, ITER, unajengwa kusini mwa Ufaransa na Umoja wa Ulaya, Urusi, Marekani, China, India, Japani na Korea Kusini. Haujakamilika.

Wengi wetu tunakumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2006, maji ya Mtera yalipopungua. Kwa hiyo si vibaya kusikia habari za nishati mpya kwa hamu. Lakini mtu akija kijijini kwako akikuuzia hisa au ndoto ya umeme wa jua bandia kesho asubuhi, mkumbuke Artsimovich. Aliifanya kazi hii miaka zaidi ya 20, akafa bila kuuona umeme wake, na hakuwahi kuona sababu ya kuongeza uzito kwenye gunia.

Jambo moja linanigusa zaidi katika maisha yake. Warusi na Wamarekani wa wakati ule walikuwa na mabomu ya kuiteketeza dunia, na moto uliomo kwenye mabomu hayo ni ndugu wa moto uliokuwa ukitafutwa ndani ya tokamaki. Mtu aliyewahi kuitumikia kazi ya bomu alikuja kuwaita watu wa upande wa pili waingie nyumbani kwake na taa yao, wamulike wenyewe. Kuanzia hapo nchi zilizokuwa maadui zikaanza kujenga mtambo wa aina moja.

Mnunuzi yule wa mama yangu alirudi jioni na mizani ya kukopa. Magunia yakapimwa mbele ya majirani, uzito ukawa uleule. Msimu uliofuata alinunua bila kupima.

Ukiwa na swali kuhusu heliamu, plazma au tokamaki, tutumie ujumbe mfupi kama kawaida, nasi tutalijibu hewani.